Kalibu Namba Kumi na Saba

Kwenye karakana yetu, nyuma ya hospitali, kazi yangu ni kutengeneza barakoa za watu walioungua. Ni plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Mgonjwa huivaa usiku na mchana ili ikandamize makovu yasivimbe. Kalibu, yaani mfano wa sura ya mgonjwa uliotengenezwa kwa plasta, huniletea mwenzangu tunayemwita Chokaa, maana hajawahi kurudi kwake bila kuwa mweupe hadi nyusi. Majina hatupewi. Tunapewa namba.

Siku ile ilikuwa namba kumi na saba. Nilichungulia tanuri hadi karatasi ya plastiki ikalegea katikati kama shuka lililolowa.

"Haya, twende, isije ikapoa!" Chokaa akasema.

Tukaishika huku na huku kwa glavu, tukaifunika juu ya kalibu, akawasha pampu ya kunyonya hewa. Plastiki ikajibana kwenye paji, mashavu, midomo. Hapo huwa napitisha vidole upesi kandokando ya pua kabla haijakauka.

Kidole changu kikaenda kushoto.

Nikarudia. Pua ilikuwa imepinda, na juu yake kijinundu kama punje ya mahindi. Pua ile naijua. Niliivunja mwenyewe kwa mlango wa jikoni nikiwa na miaka tisa, mwenye pua akiwa na sita. Mdogo wangu! Yule mpishi wa mji mwingine, ambaye Jumapili iliyopita tu alimtumia mama ujumbe: niko salama, kazi zimenibana.

"Huyu amelazwa wapi?"

"Si yuko hapo juu, wodi ya pili. Wiki ya saba hii. Mbona unauliza?"

Ngazi nilizipanda na glavu mikononi.

Alikuwa kitanda cha dirishani. Kama si ile pua, ningeapa simjui. Nikasogea hadi kitandani. Akaanza yeye.

"Dada, usilie. Mtungi wa gesi ulilipuka jikoni, wakanihamishia huku."

"Wiki saba! Na mimi niko hapo chini wiki saba zote!"

"Najua. Kila saa nne mkinywa chai nakusikia ukicheka. Niliwaomba manesi wasikwambie. Hata ujumbe wa kumtumia mama wananiandikia wao. Ungejua, ungemwambia."

"Ningemwambia, ndiyo! Una akili kweli wewe?"

Nilifoka, wodi nzima ikatutazama. Kisha nikakaa sakafuni.

Jioni nilikata kingo za barakoa. Nilipomvalisha, ilimbana chini ya jicho; nikaipasha moto, nikaisukuma kidogo, ikakaa sawa.

"Sasa mpigie mama," akasema mwenyewe.

Mama alifika kesho yake adhuhuri. Nilimweleza kila kitu tukiwa njiani, nikadhani nimemwandaa. Aliingia, akatazama vitanda sita kimoja kimoja, akampita mwanawe, akaenda hadi ukutani. Akanigeukia.

"Yuko wapi?"

"Mama," sauti ikatoka nyuma yake.

Mama aliganda. Baadaye alirudi taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika miguu, ambayo moto haukuifikia, na hakuiachia hadi manesi walipotutoa.