Kidole Kilichoogopa Maji Baridi

Mwezi wa Julai, maji ya tangi huku kijiji cha Kwanza, karibu na Kitale, yanauma hata mtu mzima. Mimi yakigusa kidole changu cha pete nilikuwa naruka. Miaka mitatu. Hakikuvimba, hakikuwa na kidonda. Eksirei ya Kitale ilionyesha mfupa mzima, basi hakuna aliyeniamini.

"Huyu anaogopa kazi," mama mkwe wangu, Rispah, aliwaambia majirani nikisikia. "Kuosha sufuria, kidole. Kupaka nyumba mavi ya ng'ombe, kidole. Ugali ikiiva, ati kidole imepona!"

Walicheka sana. Kisha akamwambia mume wangu, Khisa, kwamba Agosti ikiisha nikiwa hivyo, nirudi kwetu Chwele. Khisa akachukua jembe, akaenda shambani.

Nikaanza kukichunguza. Kwa ncha ya kalamu nilitafuta mahali panapouma, nikapapata chini ya ukucha: padogo kama punje ya wimbi. Pembeni yake, hakuna maumivu.

Daktari wa Bungoma nilimwonyesha mahali hapo hasa. Akaandika altrasaundi.

"Hiyo si picha ya mimba?" Mama Rispah alishangaa. "Sasa kidole iko na mimba?" Lakini alikuja nami, asikie kwa masikio yake kwamba sina kitu.

Mpiga picha, Jotham, alinipaka jeli. Ilikuwa baridi, machozi yakanitoka. Akakandamiza kifaa ukuchani.

"Hakuna kitu, dada."

"Si nilisema?" Mama akachukua mkoba wake.

Mimi sikuwa nimeondoa macho kwenye kioo cha mashine. Kabla hajakandamiza, niliona kitu chekundu. Kikazimika.

"Kaka, inua mkono kidogo. Ukifinya, inapotea."

Alinitazama. Akaongeza jeli nyingi, akagusa polepole kama mtu anayeshika yai. Kioo kikawaka: punje nyekundu, mahali pangu hasa.

"Iko, bana!" Jotham akaita. "Mama, rudi uone!"

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

Daktari alitueleza: ni uvimbe mdogo wa mishipa ya damu, unaouma kwa baridi na kupotea kwenye picha ukifinywa; haupatikani kwa wengi, na si kansa. Wiki hiyo hiyo wakautoa.

Mwisho wa Agosti, asubuhi, nilijaza ndoo maji ya tangi. Majirani walisimama uani. Nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikauacha humo, nikiwatazama mmoja mmoja. Kisha nikakoroga mavi ya ng'ombe, nikapaka ukuta, nikapaka sakafu nikirudi kinyumenyume, nikatokea mlangoni nikiendelea.

Mama Rispah akakunja mikono ya nguo yake.

"Ngoja, mwanangu. Niachie hata kona moja, watu wasiseme mvivu ni mimi."