Besi ya Marehemu Kenkichi

Sijisifu, lakini hapa mjini Morioka, Japani, spika ikigoma, watu huniita mimi kwanza. Alasiri ile aliniita Bi Hisae, na akanipa muda mfupi: saa kumi mnunuzi angefika kuchukua mitambo yote ya marehemu mumewe.

"Sasa mimi wa nini, kama unauza?" nilimuuliza nikivua viatu mlangoni.

"Nataka nimsikie mara moja tu. Tangu nihamie hapa, Kenkichi hayumo."

Kenkichi alipiga besi, ile kubwa ya mbao inayomzidi mtu kimo. Bendi yao ilitoa sahani moja tu ya santuri, na mjane wake aliicheza kila siku baada ya kumwekea chai kwenye madhabahu ya nyumbani. Akaiweka. Piano ikaja, ngoma zikaja, besi hakuna. Iliniuma, sitaficha.

Mdogo wa Bi Hisae, Bwana Tokuji, alikuwa ameketi pembeni, kakunja mikono. "Spika zimezeeka, fundi. Kama mimi na dada."

"Zeeka peke yako," dada mtu akamjibu.

Nikanyamazisha spika ya kulia, nikasikiliza ya kushoto: besi ipo. Nikafanya kinyume: ipo. Nikaziachia zote mbili: imetoweka. Nikacheka kwa sauti, maana hapo nilishajua.

"Nani aliunga hizi nyaya baada ya kuhama?"

"Ya kushoto ililetwa na waya wake umo," Tokuji akasema. "Ya kulia wapagazi waliung'oa, nikaurudisha mimi. Fundi umeme miaka arobaini, binti!"

Nikazima risiva, mashine inayoziendesha spika, nikageuza spika ya kulia. Kenkichi alitumia waya uleule tunaopitisha kwenye kuta za nyumba, mweusi na mweupe kwa pamoja, na kote, kwenye risiva na kwenye spika ya kushoto, aliingiza mweupe kwenye tundu jekundu. Hapa mweusi ndio ulioingia.

"Mzee, kwa nini mweusi?"

"Ina maana hujui? Mweusi ndio wenye umeme, mweupe unarudi. Hata usingizini sikosei."

"Ukutani, sawa. Spika haijali rangi. Inachotaka ni zote mbili zifungwe namna moja. Marehemu alianza na mweupe, wewe ukaja na mweusi. Sasa hii ikisukuma, ile inavuta, basi besi zinauana zenyewe kwa zenyewe."

Bi Hisae akamkodolea macho mdogo wake. "Yaani umenizimia mume wangu miezi mitatu?"

Tokuji akajikuna kichwa. "Lakini dada, taa ya choo inawaka vizuri."

Nikabadilisha ncha mbili za waya, nikakaza, nikawasha. Piano, ngoma, kisha besi ikaingia, nzito, imetulia katikati ya spika, na sakafu ikaanza kutetema. Bi Hisae akaweka kiganja juu ya mkeka.

"Hapa huwa anachelewa," akanong'ona. Kweli besi ikachelewa kidogo, naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Kengele ya mlango ikalia. Tokuji akainuka, akasita.

"Mnunuzi huyo. Nimwambieje?"

Bi Hisae hakuondoa mkono mkekani.

"Mwambie mwenye mitambo amerudi."