Sakafu Inayolala

Mashine ya kumenya kahawa ilipoondolewa kijijini kwetu Iyula, wakubwa walisema wanaipeleka kwa matunzo. Matunzo! Nilikuwa kijana, nikasimama mbele ya lori nikauliza inarudi lini. Nikaambiwa sina adabu. Lori likapita, na mpaka leo ninauliza.

Jengo likabaki. Kila walipotaka kuliuza nilipiga kelele mkutanoni mpaka wakachoka, na mwisho tawi la chuo likaweka humo maabara yake. Ndimo Tabita, binti kutoka Itaka, na wenzake Shadrack na Priska walimounda Mkorofi. Mkorofi ni roboti mwenye miguu miwili, kimo cha mtoto wa darasa la pili. Hana kazi nyingine duniani ila kupiga mpira.

Dokta Sebastian wa makao makuu ya chuo alikuja kumwona. Alizunguka, akapangusa vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa.

"Mnaenda mashindano ya Tunduma," alisema. "Msipofunga hata goli moja, roboti hii inakuja makao makuu. Kwa matunzo."

Masikio yangu yalisimama.

"Na tukifunga?" Tabita akauliza.

"Mkifunga inabaki. Lakini mfunge kwanza."

Basi tukaenda Tunduma, na mimi nikiwa humo garini. Nani angenizuia? Ukumbi ulijaa, nusu yake Wazambia waliovuka asubuhi kushangilia timu yao ya Lusaka. Kila roboti ilipewa mapigo matatu ya penalti: inasimamishwa na wenyewe, kisha hakuna kuigusa, inaufuata mpira na kupiga. Programu ilikuwa imefungwa na waamuzi tangu asubuhi. Hakuna kurekebisha kitu.

Pigo la kwanza, Mkorofi alitembea vizuri hatua chache, halafu akaanza kukata kushoto. Akaupita mpira. Akapiga hewa kwa nguvu zake zote.

"Awe!" Mzambia mmoja akaruka kitini. "Nakolwa huyo! Kalewa!"

"Mpeni uji!" wakajibu wa upande wetu, wasaliti wakubwa.

Pigo la pili yakawa yale yale. Safari hii alikwenda mpaka kwa mpiga picha, akampiga teke la ugoko. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Dokta Sebastian hakucheka. Alikuwa anaongea na dereva wake, na nilimwona dereva akitoka kwenda kufungua buti la gari.

"Kule hakosi!" Shadrack alikuwa karibu kulia. "Tabita, kule maabara hajawahi kukosa!"

Tabita alichukua chupa yake akamwaga maji kidogo sakafuni. Maji yakakaa pale pale kama sarafu. Tukayatazama wote.

"Kwetu yangeshafika kwenye mfereji," Priska akasema polepole.

Kweli. Jengo letu lilijengwa kuoshea kahawa. Sakafu yote inalala upande mmoja ili maji yashuke. Sisi tumezoea: meza tumeziwekea vipande vya tofali, sufuria inakaa upande, hatuoni tena. Mkorofi alifundishiwa humo. Amejifunza kuegemea upande wa juu, na hapa alikuwa anaegemea mlima ambao haupo.

"Tumekwisha," Shadrack akasema. "Programu imefungwa."

"Programu imefungwa, mikono yangu haijafungwa," Tabita akasema.

Akamwinua Mkorofi, akamsimamisha akiwa ameupa mpira bega, uso umeelekea kulia, kwenye meza ya waamuzi.

"Binti, mgeuze!" Dokta Sebastian akapaza sauti. "Unatuaibisha!"

"Mwache kama alivyo, mwanangu!" nami nikapaza yangu.

Filimbi. Mkorofi akaenda kuelekea meza. Mwamuzi mmoja akainua miguu. Halafu kidogo kidogo Mkorofi akaanza kukata, kushoto, kushoto tena, mpaka mpira ukawa mbele ya mguu wake. Paa! Wavuni. Yule Mzambia wa "kalewa" ndiye aliyenikumbatia wa kwanza.

Dokta akaja akipiga makofi kwa ncha za vidole. "Hongereni. Ila mmejionea wenyewe, mazingira yenu hayafai. Sisi tuna sakafu iliyonyooka. Tutaichukua tu, kwa matunzo."

"Ulisema tukifunga inabaki," Tabita akasema.

"Nilisema, lakini..."

"Dokta," nikamkatiza, "mashine yetu ya kahawa inarudi lini?"

"Mashine gani, mzee?"

"Unaona? Hata wewe huijui. Ndivyo mnavyotunza."

Tabita hakungoja tumalize. Alifungua kitenge kiunoni, akamweka Mkorofi mgongoni, akamfunga kama mtoto, mafundo mawili kifuani.

"Mchukue, Dokta," akasema. "Ila utatubeba wote wawili."

Kina mama ukumbini wakapiga vigelegele. Dereva akarudi kufunga buti. Tabita alitoka nje na mtoto wake wa chuma mgongoni, miguu inaning'inia, nasi nyuma yake.

Baadaye makao makuu yakatuletea simenti, eti tusawazishe sakafu. Mkorofi sasa anafanya mazoezi ndani kwenye mteremko na nje kwenye uwanja wa shule, ajue kote kuwili. Simenti tumejengea choo.