Mpigwa Pai

Kwenye filamu zetu kulikuwa na wanaume wawili wanaogombea msichana mmoja, na siku zote msichana alichukuliwa na Clifton Mabry. Clifton alikuwa na meno mazuri. Mimi, Gus Pruett, nilikuwa na tumbo, masharubu ya kubandika na kazi ya kupigwa usoni na pai, vile vikeki bapa vya krimu. Los Angeles nzima ilicheka nikianguka. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikala maharage ya kopo peke yangu.

Msichana mwenyewe alikuwa Verna Dahl. Kila nilipoanguka, kamera ikishazimwa, yeye ndiye aliyeninyanyua. Sikuwa na mkono mwingine wa kushika duniani. Kisha akapata kazi ya jukwaani New York, na siku yake ya mwisho nasi ikafika; treni yake ilikuwa inaondoka jioni. Nisiposema leo, nikajiambia, basi tena.

Filamu zetu hazikuwa na sauti, kwa hiyo mbele ya kamera tulisema lolote. Clifton angeweza kumshika Verna kiuno, macho yamemlegea, kumbe anamsimulia supu aliyokunywa mchana. Mwongozaji wetu, mzee Koppel, alitupigia kelele muda wote, na amri yake kubwa ilikuwa moja: "Ukikosa la kufanya, anguka!"

Siku hiyo nilipiga goti na maua yangu ya karatasi, kamera ikiwa imewashwa, nikasema ya moyoni.

"Verna, leo sitanii. Usiende. Nakupenda tangu siku ile uliponitoa krimu masikioni. Tuoane."

Verna akanitumbulia macho.

"Cheka, Verna!" Koppel akafoka. "Clifton, pai!"

Verna akacheka. Pai ikanipata sikioni.

"Kata! Shabaha gani hiyo, Clifton? Rudieni! Na wewe Gus, hayo machozi yarudie hivyohivyo. Leo umeniua, bwana wee!"

Nikanawa, nikapiga goti, nikamposa upya. Safari hii pai ilitua puani barabara, na mafundi wote wakapiga makofi.

Nilikuwa najifuta kwenye pipa la maji Verna alipokuja, kofia kichwani, sanduku mkononi.

"Gus, yale uliyosema pale. Ulikuwa unaigiza?"

"Heh! Mwone bwana harusi wa krimu!" Clifton akadakia kwa nyuma.

"Nyamaza, Clifton. Gus, niambie. Treni bado haijaondoka."

Maneno nilikuwa nayo, nilishayasema mara mbili. Lakini sasa sikuwa na masharubu wala kamera, na yeye alikuwa ananitazama mimi mwenyewe. Nilikosa la kufanya, na mwili haukuningoja: mguu ukajikwaa kwa mwenzake, nikaenda chali, nikaliangusha na pipa.

Watu wakavunjika mbavu. Verna naye akacheka, kisha akaacha.

"Haya, nimekuelewa," alisema taratibu. "Kwaheri, Gus."

Nikabaki nimelala kwenye maji, mkono nimeunyoosha juu kwa mazoea. Baada ya muda ukashikwa. Alikuwa Clifton.

"Inuka, ndugu yangu," akasema. "Mbona unalia na kamera imeshazimwa?"