Stuli za Wateja

Mkahawa wa Willis uko katika soko la Muthurwa, nyuma ya wauza viazi, na saa ya chakula cha mchana hakuna kiti kinachobaki wazi. Ugali na samaki vikishafika mezani, Khavere, mama wa kunawisha wateja, huja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Mteja hunyoosha mikono, Khavere humimina polepole, maji huteremka, na uchovu wa mteja huteremka nayo.

Uchovu huo ulionekana kwa macho. Ulituama chini ya beseni kama machicha ya chai, na Khavere akaumwaga kwenye mtaro wa nyuma. Kiasi fulani lakini kilimpanda mikononi, akabaki nacho. Hilo lilijulikana pale kama ilivyojulikana kwamba maharagwe huisha mapema.

"Mathe, leo viazi vimeniua," alikuwa akisema Owiti, mvuta mkokoteni ambaye hakukosa siku.

"Leta mikono, baba."

Akishanawa, Owiti alinyoosha mgongo na kula samaki hadi kufyonza miiba. Sifa zilimwendea Winny, mpishi. Winny alizipokea zote, kwani nani hukataa sifa?

Khavere alizidi kuwa mzito, ingawa gauni lilimpwaya vilevile. Siku moja kigae kilipasuka chini ya slipa zake. Akamwendea Willis.

"Bosi, naomba stuli tu. Nikae wateja wakipungua."

"Mamangu," Willis alimjibu kwa upole, akiwa ameegemea mto wa kiti chake pale kaunta, "mteja akiona weita amekaa, anajua hapa hakuna huduma."

Alikuwa mtu mpole kweli, Willis. Hata kukataa alikataa kwa sauti ya kubembeleza.

Kisha akaona sinki jeupe katika mkahawa fulani wa mjini, akalitamani, akanunua la kwake. Khavere akapelekwa jikoni kuchagua mchele. Huko alikalia kreti ya soda, na nyayo zake, zilizokuwa zimevimba kama maandazi, zikaanza kupungua. Alifurahi. Alikuwa na furaha ya waziwazi, hata akaanza kuimba nyimbo za kanisani, za sauti ya pili peke yake.

Huku mbele wateja walijinawia kwenye bomba. Mikono ilitakata, uchovu ukabaki, ukaingia kwenye kila tonge. Wapagazi wawili waligombania chumvi hadi wakakunjana mashati. Mama mmoja alilala na samaki mdomoni. Owiti alisukuma sahani yake pembeni bila kuigusa tena. Lawama zikamwendea Winny, na hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Si samaki, bosi. Ni maji."

Willis akaja jikoni, akachuchumaa mbele ya kreti.

"Rudi mbele, mamangu."

"Nirudi na stuli."

"Tutaona."

Yeyote aliyewahi kuajiriwa anajua safari ya "tutaona" huishia wapi. Khavere pia alijua, akaendelea kuchagua mchele. Lakini nyuma ya Willis alisimama Owiti, ameshikilia mikono yake mbele kama mizigo ya mtu mwingine.

"Mathe, hii mikono imenishinda kubeba."

Khavere alimhurumia. Akaweka ungo chini, akasimama, akachukua jagi.

Uchovu wa wateja wa siku zote zile ulikuwa umelimbikizana, na wote aliumimina mchana huo, kiasi kikimpanda mikononi kama zamani. Alipofika meza ya Owiti, sakafu ililegea, nyayo zake zikazama. Kabla mkahawa haujafungwa alikuwa amezama hadi vifundoni. Kesho yake ikawa nusu ya muundi. Fundi aliitwa, akagongagonga, akasema jengo ni imara. Akapiga saruji kuzunguka miguu yake na kupanga vigae vya rangi ileile, kazi safi sana.

Kwa kuwa Khavere hakuweza tena kuzifuata meza, wateja walimfuata yeye. Foleni ikafika mlangoni. Chakula kikawa kitamu kuliko zamani, na Winny akarudishiwa sifa zake.

Willis aliitazama foleni ile kutoka kwenye mto wake, na moyo ukamuuma.

"Si utu kumsimamisha mtu aliyechoka," alisema. Alimaanisha kabisa. Jioni hiyohiyo zikaletwa stuli mpya za mbao, zikapangwa ukutani kando ya Khavere, ili wanaongoja kunawishwa wasiumie miguu.

Owiti alikuwa wa kwanza kukaa. Akaitazama stuli, akamtazama Khavere, akainuka na kumsogezea kwa nyuma.

"Mathe, kaa kidogo."

Willis alikohoa pale kaunta. "Ndugu yangu, hizo ni za wateja."

Owiti alisita. Nyuma yake watu walikuwa na njaa, na samaki walikuwa wanapoa. Akairudisha stuli ukutani, akaketi, akanyoosha mikono.

Khavere aliinama kuliko alivyozoea, kwa kuwa mtu aliyeketi yuko chini, akammiminia.