Jibu la Nzi-mawe Jike

Chama cha Nzi-mawe cha bonde la Skardalen kilikuwa na vyeo vingi kuliko wanachama, ndiyo maana Torgrim alikuwa katibu, naibu wa katibu na pia mkaguzi wa katibu. Alichokitamani hakikuwa cheo. Alitaka aina mpya ya wadudu hao wa mtoni ipewe jina lake. Wenzake wawili walishapata, na katika kila mkutano wa mwaka walikaa karibu na jiko la kuni kama wakwe waliokuja kuposa.

Safari hii alikuja na kichupa cha spiriti. Ndani mlikuwa na nzi-mawe wadogo weusi wa familia ile inayotembea juu ya theluji. Mikia yao miwili mirefu ilikuwepo, lakini mabawa yalikuwa vibutu vitupu.

"Aina mpya," alisema.

"Madume hayo," alijibu Solfrid, mwenyekiti, huku akikata jibini ya kahawia. "Katika familia hii madume wengi huwa na mabawa mafupi. Wewe mwenyewe suruali yako haifiki kifundoni, mbona hatujakuita aina mpya?"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Chekeni tu! Ngoma yao ni tofauti. Niliwasikia kabla sijawatia chupani."

Hapo wakasogeza viti. Nzi-mawe dume hutafuta mke kwa kugonga tumbo lake kwenye kijiti, na jike hujibu mdundo wa aina yake tu. Solfrid alikuwa na jike mwali wa ile aina inayojulikana, kamlea mwenyewe tangu akiwa buu wa mtoni. Wakamweka ndani ya kikopo cha karatasi chenye kinasa sauti chini yake. Akiujibu mdundo ambao Torgrim aliusikia, nzi hao ni walewale wa siku zote. Akinyamaza, Torgrim kapata nzi wake. Hedifoni ilikuwa moja, na kusikiliza, kwa katiba ya chama, ilikuwa kazi ya katibu.

"Piga basi, mume wangu," alisema Borghild, mkewe, ambaye alikuja kwa ajili ya mkate wa mayai tu. "Nyumbani unagonga meza mpaka vijiko vinalia."

Torgrim akavaa hedifoni, akagonga kikopo kwa ukucha, kama alivyowasikia madume wale.

Kimya. Kisha, kwa sauti ndogo, tu-tu-tu.

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumjibu upesi hivyo, Borghild akiwemo.

"Vipi?" aliuliza Solfrid.

"Kimya," alisema Torgrim.

Watu wakasimama. Solfrid akampa mkono, uso wake kama wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki. "Haya, hongera, ndugu katibu."

Lakini jike hakujua siasa za chama. Akagonga tena. Na mtu aliyezeeka kando ya mito ya bonde lile hawezi kuitwa na nzi-mawe akakaa tu. Kidole cha Torgrim kikanyanyuka chenyewe, kikaitikia.

"Torgrim," alisema Borghild, "unamjibu nani?"

"Simjibu mtu."

"Si mtu, kweli," alisema Solfrid, mkono kaunyoosha. "Lete hiyo hedifoni."

Torgrim aliishika kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Ngojeni kwanza," alinong'ona. "Bado anaongea na mimi."