Jani la Isale

Programu ya kompyuta ya kupanga chanjo za watoto niliiandika mwenyewe, hapa Moshi, mwaka 2004, lakini sehemu ya kuhesabu tarehe niliiazima kwa Mjerumani mmoja aliyeitoa bure. Hesabu hiyo ilikuwa inairuka tarehe 29 Februari. Nikairekebisha kwenye kompyuta yangu, basi. Mjerumani sikumwambia. Nilipoiweka programu yangu kwenye intaneti ili kila mtu aitumie, nikaandika: sehemu ya tarehe ichukueni kwake. Mjinga mimi! Kwake ilikuwa bado ile mbovu.

Zahanati moja ya Masama ikazichukua zote mbili. Mtoto aliyezaliwa tarehe 29 Februari hakutokea kwenye orodha ya chanjo, akaugua surua.

Nesi wao, Dominika, mtu wa umri wa mama yangu, akateremka hadi kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nisamehe. Nimebonyeza vibaya mahali, nikaiharibu programu yako."

Akaninyooshea jani la isale. Kwetu Uchaggani, anayekuletea isale anaomba msamaha, na halikataliwi.

Mtu aliyepaswa kulibeba jani lile nilikuwa mimi. Nikalipokea.